Nilitoa sanduku la lampe za watu, nikaleta mashini ya kuzipima

Nimekosa. Ninaliweka neno hilo mbele ili msianze kunihurumia kabla ya kujua nilichofanya.

Watu waliniaminia sanduku lao. Nikalitoa bila kumwuliza mtu, nikarudi na mashini. Na wazee wawili waliokuwa wakikaa chumba kimoja kila Dominika, mmoja wa mashamba na mmoja wa ng'ombe, leo hawakai pamoja tena. Safari hii siwezi kusingizia vita. Ni mimi!

Ninaandika kwa sababu nimeona kwenye simu wapenzi wa sauti za zamani wakiulizana kama inafaa mtu awe na lampemeta yake nyumbani. Wengi wanajibu mbio: ndiyo, itafute, utaishukuru. Kila nikisoma jibu la namna hiyo, nafunga simu na kukaa tu. Jamani, ngojeni kwanza mnisikilize.

Kwa asiyejua: redio na ampli za zamani zina vitaa vya kioo ndani. Sisi tunaviita lampe. Kazi yake si kumulika, ni kukuza sauti. Vikichoka, sauti inakuwa kama ya mtu mwenye mafua, halafu inanyamaza. Lampemeta ni mashini ya kupima lampe hizo. Unaichomeka lampe, mshale unapanda kwenye rangi ya kijani kama ni nzima, au unabaki kwenye nyekundu kama imekwisha.

Mimi niliacha shule mapema. Darasani nilikuwa natazama dirisha. Lakini redio ya mjomba niliifungua yote, nikaifunga, ikaimba, na tangu siku ile miguu yangu haijatulia. Natembea na chuma changu cha kulehemu ninachokipasha kwenye makaa. Kashebere, Kashuga, hadi Shasha kule ziwani, popote penye kitu kilichonyamaza napenda kujua kwa nini kimenyamaza. Sina mke, sina nyumba. Watu wananiita Fundi, basi.

Mahali pamoja tu niliweza kukaa mpaka mwisho wa siku bila kutazama njia. Ni kwa Papa Gasana.

Papa Gasana ni mfugaji, nyumba yake iko juu ya kilima katika Masisi. Jina la kilima sitalitaja. Ana ampli ya lampe, kubwa, nzito kama mfuko wa viazi, aliyopewa na mapadri walipoleta vyombo vipya vya kanisa. Lakini hakuwa na santuri hata moja. Santuri zilikuwa za jirani yake, Papa Bahati, mkulima wa kilima kile kile, pamoja na mashini ya kuzizungusha. Naye hakuwa na ampli.

Basi kila Dominika baada ya misa, Papa Bahati alipanda na santuri zake kwenye kitambaa, Papa Gasana alifungua mlango, na Mama Vumilia, mke wa Gasana, alileta maziwa. Watu wa mashamba walikaa, watu wa ng'ombe walikaa. Rumba za zamani zikaanza.

Msifikiri ni muziki tu! Shamba la maharage la Papa Bahati linapakana na malisho ya Papa Gasana. Mnajua ng'ombe na maharage. Mahali pengine katika nchi yetu, ng'ombe mmoja ndani ya maharage anatosha kuwasha moto usiozimika. Pale kwetu, kesi ile ilingoja Dominika. Santuri ikiisha upande mmoja, kabla ya kuigeuza, Papa Bahati alisema:

"Papa Gasana, ngombe yako ile ya pembe moja iliingia tena ku maharagi yangu."

"Iliniambia maharagi yako iko tamu kupita ya bengine bote."

"Basi uiambie itakuja kulima nayo!"

Watu wakacheka. Mama Vumilia akamjazia Papa Bahati kibuyu cha maziwa cha kupeleka nyumbani, na kesi ikawa imekwisha. Santuri ikageuzwa. Nimeona kesi nyingi zikiishia pale, ambazo kwa chef, mkuu wa kijiji, zingekula mbuzi wa faini na kuacha uchungu.

Sasa, ili ampli isinyamaze, tulikuwa na likelemba. Wengine wanafanya likelemba ya pesa, kila mtu anatia, kila mtu anapokea kwa zamu. Yetu ilikuwa ya lampe. Aliyekuta redio iliyokufa kwenye dari ya babu yake, alitoa lampe zake na kuzitia katika sanduku la bati, zimefungwa kwa majani makavu ya mgomba. Wakulima walitia. Wafugaji walitia. Na mimi, kwa kuwa natembea na ninajua kuziangalia, nilipewa kulitunza sanduku. Mimi nisiye na hata kufuli ya mlango! Ile heshima ilinipendeza kuliko ninavyoweza kuandika.

Namna yetu ya kupima ilikuwa ya kizamani. Ampli ikikohoa, natoa lampe moja, naweka nyingine ninayoijua ni nzima, tunasikiliza. Kama kikohozi kimeondoka, mgonjwa amepatikana. Kama bado, naendelea na inayofuata. Inachukua muda, lakini wazee walipenda. Papa Bahati alifumba macho na kusema, "Bado. Bado. Ee, njo hiyo!"

Mimi ndiye niliyechoka nayo. Nilitaka kujua, siyo kusikiliza na kukisia.

Siku moja nilikuwa Shasha, natengeneza redio ya mvuvi. Kijana mmoja anayeitwa Deo, ambaye baba yake alikuwa fundi wa redio zamani, akaniambia ana kitu nitakachokipenda. Akatoa sanduku kama valizi ya msafiri. Akalifungua.

Yesu wangu! Matundu ya kila namna ya lampe, vifundo vya kuzungusha, na dirisha dogo la mshale, nyekundu upande huu, kijani upande ule. Maandishi yake yalikuwa ya lugha nisiyoijua. Mikono yangu ilianza kujipangusa yenyewe kwenye suruali.

"Unataka nini juu yake?" nikamwuliza.

"Lampe," akasema Deo. "Kuko batu ba Goma banazitafuta. Leta lampe, kamata mashini."

"Lampe ngapi?"

"Zenye uko nazo."

"Haziko zangu peke yangu."

Deo akacheka. "Basi endaka kuuliza benyewe. Mashini itakungoja, ao haitakungoja. Lakini kaka, nikuambie kitu moja, usiseme sikukuambia. Hii inaonyesha mwenye kufa. Haifufuake muntu."

Nilicheka naye. Nilimwona kijana asiyejua thamani ya alichorithi. Na sikwenda kuuliza. Nilijiambia hivi: nikiwa na mashini, tutajua kila lampe ilipo katika maisha yake, hatutahitaji akiba kubwa. Nitawashangaza wazee. Watanishukuru.

Hapana, ngoja niseme ukweli wote. Niliitaka. Maneno mengine niliyatafuta baadaye, njiani, nikiwa nimeibeba kichwani.

Nikampa Deo sanduku zima la likelemba.

Nilifika kilimani siku ya soko. Dominika ilikuwa karibu, lakini mimi sikuweza kungoja. Nikaenda moja kwa moja kwa Papa Gasana. Umeme wetu unatoka kwenye turbine ambayo vijana waliitengeneza mtoni, nyaya zimepita juu ya miti ya mikaratusi. Turbine hiyo hiyo inazungusha mashini ya kusaga mahindi kule chini, na siku ya soko kila mama ana mfuko wake wa kusaga. Dominika haisagi. Ninyi mnaosoma mmeshaelewa. Mimi niliyekuwa nikiwagombeza watu wasichaji simu wakati wa kusaga, siku hiyo sikuelewa!

Nikatoa lampe nne kubwa za ampli, zile zinazosukuma sauti. Nikachomeka ya kwanza. Mshale ukapanda kidogo, ukalala kwenye nyekundu. Ya pili, nyekundu. Zote nne.

Mama Vumilia alikuwa amesimama mlangoni na sufuria ya maziwa. Akatazama balbu ya chumba.

"Fundi, umeme iko chini leo. Iko nasaga kule."

"Mama, hii mashini haina mambo na unga."

"Lakini Dominika yenye kupita iliimba muzuri."

"Sikio linadanganya, Mama. Mshale haudanganyi."

Nilisema hivyo. Kwa mdomo huu! Balbu juu ya kichwa changu ilikuwa nyekundu kama kaa linalozimika, na mimi namfundisha mama wa watu habari za ukweli.

Papa Gasana akainama kuangalia mshale. "Zote zimekufa?"

"Zote, Papa. Ni bahati tu hazijaunguza ampli."

Mafundi wa kwetu hatutupi lampe iliyokufa. Tunavunja kioo na kuchukua kitako chenye miguu, kinafaa kutengenezea kichomeo. Basi nikaomba nyundo. Nikazifunga katika kitambaa, nikazivunja zote nne pale pale uani. Hazikuhitaji nguvu. Papa Gasana alikunja uso kidogo kwa kila mlio, kama mtu anayeng'olewa jino.

Halafu akasema, kwa utulivu wake, "Haya. Leta sasa zile za likelemba."

Jamani! Nilikuwa na mashini mkononi, vigae vya kioo miguuni, na sikuwa na lampe hata moja. Kwa kweli, mpaka dakika ile sikuwa nimefikiria jambo hilo. Mtu anaweza kuwa na akili ya kufungua redio yoyote akakosa akili ya hivyo!

Nikamjibu, "Sanduku iko kwa Papa Bahati. Niliiacha kule juu ya mvua, isilowane."

Uongo ule ulitoka wenyewe, mwepesi kama mate. Nilidhani ni wa siku mbili tu. Nitashuka Shasha, nitarudisha mashini, nitachukua sanduku, nitapanda. Nani atajua?

Nikashuka kesho yake. Deo alikuwa anakula ndizi.

"Lampe? Zilishaendaka. Ulitaka nizilalie sawa kuku?"

"Basi nitafutie mwenye kuzinunua."

"Goma ni kijiji, kaka? Na mashini yako, usiniachie hapa. Ni yako."

Sikuwa na la kufanya. Na badala ya kupanda kilimani kusema ukweli, nilikamata njia ya Walikale. Nikakaa Kashebere. Nilijiambia natafuta lampe huko, kwenye redio za zamani. Nilitafuta kidogo. Mara nyingi nililala mchana.

Kule Kashebere nilipata kibanda cha mtu mwenye jenereta, anayechaji simu, na jirani yake anachomelea vyuma kwa umeme huo huo. Siku moja nikapima lampe ya redio moja iliyokuwa ikiimba kila asubuhi vizuri kabisa. Nyekundu! Nikasema, haiwezekani. Mara yule wa kuchomelea akapumzika. Mshale, bila mimi kugusa kitu, ukapanda taratibu mpaka kijani.

Lampe ile ile!

Nikakaa chini. Kulikuwa na kifundo kimoja pembeni ambacho sikuwahi kukizungusha. Nikakizungusha, nikaona mshale unasogea kwenye mstari mdogo mweusi. Kifundo kile ni cha kuipa mashini kipimo cha umeme uliopo, kabla ya kumpima mtu yeyote. Lampe nne za Papa Gasana zilikuwa nzima. Nilivunja wazima kwa nyundo ya mwenyewe, nikamwomba hata kitambaa.

Kabla sijamaliza kulia, habari nyingine ikafika. Dereva mmoja wa pikipiki wa kilima chetu aliniona akasimama.

"Weye njo uko huku? Kule juu bazee yako baliharibikiana."

Akanieleza. Papa Gasana alituma mtu kwa Papa Bahati kuchukua sanduku. Papa Bahati akajibu hana sanduku, Fundi ndiye anayelitunza. Papa Gasana akasema, Fundi mwenyewe ameniambia liko kwako. Ujumbe ukapanda na kushuka, kila ukipita unaongezewa chumvi. Wafugaji wakasema, wamezificha lampe zetu. Wakulima wakasema, sasa wanatuita wezi. Dominika ilipofika, Papa Bahati hakupanda na santuri zake.

Kisha ng'ombe akaingia kwenye maharage. Lakini sasa hakukuwa na Dominika ya kungojea. Papa Bahati alimfunga yule ng'ombe kwenye mti shambani kwake. Kule juu ndama wake akalia mchana kutwa, kilima kizima kikimsikia. Ndugu za Papa Gasana wakashuka na fimbo. Ndugu za Papa Bahati walikuwa wanawangojea na mapanga ya kazi.

Chef aliwahi. Hakuna aliyekufa. Ninajiambia maneno hayo kila siku kama mtu anayekunywa dawa: hakuna aliyekufa.

Nilipanda. Sikutaka, lakini nilipanda, na mashini kichwani. Nikaomba wazee wote wawili waje mpakani mwa shamba na malisho, na wakaja, kila mmoja akasimama upande wake. Nikasema yote: Deo, sanduku, uongo, kifundo. Nilipofika kwenye kifundo, Mama Vumilia, aliyekuwa amemfuata mume wake, alitazama pembeni. Hakusema kwamba aliniambia. Afadhali angesema.

"Sanduku njo uliuzisha," akasema Papa Gasana.

"Sikuuzisha, Papa. Nilibadilisha na hii."

"Iko namna moja."

Papa Bahati akaninyoshea kidole. "Mimi niko naitwa mwizi ku kilima yote, mbele ya batoto yangu, na weye uko Kashebere unapima lampe?"

Nikapiga magoti kwenye tope. Hakuna aliyeniinua wala aliyenipiga.

Papa Gasana akamgeukia mwenzake.

"Papa Bahati. Nilikuita mwizi. Unisamehe."

"Nimekusamehe."

"Mbele ya Mungu?"

"Mbele ya Mungu." Papa Bahati akapangusa uso kwa kofia yake. "Lakini uliamini mbio sana, Papa. Tulisikiliza pamoja miaka yote ile, na uliamini mbio sana. Njo ile tu iko naniuma."

Papa Gasana akaitikia kwa kichwa. "Na weye ulifunga ngombe mbio sana."

"Njo vile."

Wakapeana mikono juu ya mpaka. Nilidhani wataanza kucheka, mtu atataja ng'ombe wa pembe moja, na kila kitu kitarudi. Hawakucheka. Walishikana mikono kama watu wanaomaliza kazi, wakaachana, huyu akapanda, huyu akashuka.

Nimepata lampe mbili tangu siku ile. Ampli inataka nne. Lakini hata nikizipata zote, sijui nitampelekea nani. Siku hizi kesi za maharage zinakwenda kwa chef, na mpakani wamepanda miiba. Nilipita juzi nikamwuliza Mama Vumilia kama Papa Bahati anapita bado.

"Anapita," akasema. "Anatusalimia bila shida. Lakini akiwa ku njia. Haingiake."

Sasa mnaouliza kama lampemeta inafaa. Mashini yenyewe si mbaya. Kama umeme wako umetulia, kama una mtu wa kukufundisha kila kifundo, kama una lampe nyingi za kupima, ichukue. Kama huna hayo, tafuta lampe badala ya kutafuta mashini. Weka moja nzima ya kila namna, badilisha, sikiliza. Na mama wa nyumba akikuambia umeme uko chini, inua kichwa utazame balbu! Na usivunje kitu kwa sababu ya kipimo cha siku moja.

Hayo ni ya wapenda sauti. Yanayofuata ni ya kila mtu anayeshika kitu cha watu wengi, iwe sanduku, ufunguo au neno. Kabla ya kukigusa, rudi ukawaulize wakiwa wamekaa wote. Mimi niliona njia ya kurudi kilimani ni ndefu. Kumbe sikuogopa mwendo. Nilijua watanikatalia.